Bastola nyepesi ya .22 inapogoma: ukaguzi na utunzaji kwenye hewa ya chumvi ya Tanga

Mwongozo huu ni wa mmiliki mwenye leseni anayekaa pwani, kuanzia Pangani hadi Mkinga, mwenye bastola ndogo ya silinda inayotumia risasi za .22 LR (Long Rifle). Tunazungumzia aina ya Smith & Wesson 317 na 43C, Ruger LCR ya .22, na nyingine za jamii hiyo. Hizo tatu zina matundu manane ya risasi, fremu ya aloi ya aluminiamu, na uzito usiofika nusu kilo: 43C tupu ni gramu 326 hivi, LCR ni gramu 420 hivi. Wepesi huo ndio unaowauzia watu. Malalamiko yanayofuata nayo yanafanana: nyundo imepiga lakini risasi haikulia, silinda imenasa, maganda hayatoki.

Lawama ya kwanza humwangukia mtengenezaji. Ukichunguza, mara nyingi chanzo ni kimoja kati ya vitatu: risasi yenyewe, uchafu ndani ya matundu, au springi iliyopunguzwa nguvu na mtu aliyetaka traiga laini. Ganda la risasi iliyogoma huonyesha ni kipi kati ya hivyo, kwa hiyo usilitupe.

Kwa nini risasi hizi hugoma kuliko nyingine

Risasi kubwa za bastola zina kifyatushi kidogo katikati ya kitako. Risasi ya .22 haina. Dawa yake ya kuwashia imepakwa ndani ya ukingo wa ganda, kiwandani, kwa kulizungusha ganda kwa kasi ili dawa ikiwa bado mbichi isambae hadi pembeni. Pini ya bastola inaubana ukingo huo dhidi ya mdomo wa tundu, dawa inasagika, inawaka.

Hapo pana mambo mawili. Kwanza, dawa ikikosa kufika sehemu fulani ya ukingo, pini ikiangukia hapo risasi hailii hata bastola iwe mpya namna gani. Pili, ukingo lazima uwe umekaa kabisa kwenye mdomo wa tundu. Unene wake ni milimita 1 na ushei tu. Ukiinuliwa kidogo na masizi, pigo la kwanza la nyundo linaisha kwa kuisukuma risasi iingie ndani, na nguvu inayobaki haitoshi kuusaga ukingo.

Ndiyo sababu traiga za bastola hizi ni ngumu. Mvuto wa kilo 5 hadi 6 si ajabu, wakati mwingine unazidi. Springi kali ndiyo inayoipa nyundo pigo la kutosha. Ukiisikia traiga nzito, usiitafutie dawa.

Kabla ya kugusa chochote

1. Elekeza mtutu mahali salama, kidole nje ya traiga. Fungua silinda, toa risasi zote, zihesabu. Matundu manane, risasi nane. Zikitoka saba, ya nane iko mahali, itafute kabla ya kuendelea.
2. Peleka risasi zote chumba kingine. Kusafisha bastola huku boksi la risasi liko mezani ndiko kunakozaa ajali.
3. Pitisha macho kwenye kila tundu kwa tochi, halafu chungulia mtutu kutokea upande wa silinda huku umeweka karatasi nyeupe mbele ya mdomo wake.
4. Kaa penye hewa, mbali na chakula na watoto. Masizi ya .22 yana madini ya risasi kutoka kwenye kichwa na kwenye dawa ya kuwashia. Vaa glavu za mpira, na ukimaliza osha mikono kwa maji baridi na sabuni kabla ya kushika kikombe cha chai.

Ikigoma uwanjani

Risasi isipolia, usifungue silinda papo hapo. Shikilia mtutu kwenye shabaha kwa sekunde 30, maana kuna risasi inayochelewa kuwaka. Kisha fungua, itoe, na uiweke pembeni.

Ikilia kwa sauti hafifu, kama puu badala ya pa, acha kufyatua kabisa. Huenda kichwa cha risasi kimekwama ndani ya mtutu, na risasi inayofuata inaweza kuupasua. Toa risasi zote, chungulia. Kilichokwama kinaondolewa na fundi wa silaha. Usijaribu kukisukuma kwa msumari au waya, utaharibu mifereji ya mtutu.

Kuna kosa la mkono linalofanana na kugoma. Kwenye bastola za kuvuta traiga moja kwa moja kama LCR na 43C, mtu mwenye haraka huiachia traiga nusu tu halafu anaivuta tena. Silinda inaweza kuruka tundu, au traiga ikakataa kurudi nyuma. Ukiiona risasi imetoka nzima bila alama yoyote kwenye ukingo, anza kwa kukishuku kidole.

Kusoma ganda

Chukua kalamu ya wino usiofutika na uandike namba 1 hadi 8 ubavuni mwa silinda, kila tundu namba yake. Wino utatoka kwa spiriti baadaye. Kila risasi inayogoma iandike imetoka tundu namba ngapi. Halafu iweke chini ya mwanga mzuri na uangalie alama ya pini.

*Alama ni ya kina, imekaa vizuri ukingoni, lakini risasi haikulia.* Bastola imefanya kazi yake. Ukiwa bado kwenye uwanja wa shabaha, irudishe ukiwa umeigeuza ili pini ipige upande mwingine. Ikilia, dawa haikuwepo pale pini ilipopiga mwanzo. Badilisha aina ya risasi. Risasi za bei nafuu zinazouzwa kwa wingi bila kupangwa ndizo zinazoongoza kwa ugonjwa huu.

*Alama ni hafifu, na inatokea tundu lilelile kila mara.* Tundu hilo ni chafu au mdomo wake umeumia. Pitisha ncha ya kijiti cha meno kwenye mdomo wa tundu: ukisikia kinakwama mahali pamoja, kuna kinundu cha chuma kilichosababishwa na kufyatua bila risasi.

*Alama ni hafifu kwenye matundu yote.* Springi ya nyundo imechoka au imebadilishwa, au mafuta yaliyoganda yanaipunguzia nyundo mwendo, au silinda ina uchezaji mkubwa wa mbele na nyuma. Kwenye 317, ambayo nyundo yake iko nje, linganisha: ikigoma kwa kuvuta traiga tu lakini ikalia vizuri ukiipandisha nyundo kwa dole gumba, springi iko mpakani. Nyundo iliyopandishwa hurudi nyuma zaidi, hivyo hupiga kwa nguvu zaidi.

*Hailii mara ya kwanza, inalia mara ya pili bila kuigeuza.* Hii ni ile ya ukingo kutokaa vizuri. Safisha matundu kabla ya kuwaza kingine.

*Alama imekaa kombo, nusu yake nje ya ukingo, au imeingia ndani mno kuelekea katikati.* Silinda haifungi sawasawa na mtutu, au pini imevunjika ncha. Acha kuitumia, mpelekee fundi.

Kusafisha: matundu kwanza, mtutu baadaye

Wengi wanaupiga mtutu brashi hadi unang'aa kisha wanafuta silinda juu juu. Kwa bastola hizi ni kinyume. Mtutu wa .22 unaweza kupita mamia ya risasi bila shida. Matundu yanaanza kukataa mapema, wakati mwingine baada ya risasi 50 hadi 100 ikiwa vichwa vyake ni vya madini ya risasi matupu vilivyopakwa nta. Kwa joto letu nta hiyo inalainika, inashika masizi, inakuwa utando.

Unahitaji: brashi ya shaba ya saizi ya .22, ufito wake, vipande vya fulana kuukuu ya pamba vya sentimita 2 kwa 2, mswaki wa zamani, vijiti vya pamba vya masikio, dawa ya kusafishia silaha, na mafuta mepesi. Mafuta ya cherehani yasiyo na rangi yanafaa usipopata ya silaha. Mafuta ya taa yanayeyusha uchafu vizuri, lakini hayalindi chuma: ukiyatumia, futa mpaka yakauke kisha paka mafuta. Petroli usiilete kabisa ndani ya nyumba kwa kazi hii. Mafuta ya nazi na ya kupikia yanaganda na kunata, na bastola iliyopakwa hivyo huja kwa fundi nyundo inatembea kama imepakwa asali.

Fanya hivi:

1. Silinda ikiwa wazi, dondosha dawa ya kusafishia kwenye kila tundu na uiache dakika 10 hadi 15.
2. Ingiza brashi ya shaba kutokea nyuma, ipitishe hadi itokeze mbele, irudishe. Mara 10 kwa kila tundu, huku ukiizungusha kidogo. Usitumie brashi ya chuma. Silinda za 317 na 43C ni za aluminiamu, na chuma kitazikwangua.
3. Sukuma kijiti cha kutolea maganda hadi nyota yake, yaani kipande cha umbo la nyota kinachoyainua maganda, inyanyuke, na uishikilie hivyo. Piga mswaki chini ya nyota na kwenye kikalio chake. Punje za baruti ambayo haikuungua hupenda kujificha hapa. Punje moja yenye ukubwa wa mbegu ya mchicha inatosha kuinyanyua nyota, na nyota ikinyanyuka ndipo silinda inapogoma kuzunguka. Kausha kwa kijiti cha pamba. Usiweke mafuta chini ya nyota, yanakamata punje nyingine.
4. Futa matundu kwa vipande vya pamba mpaka vitoke safi. Yaache makavu. Tundu lenye mafuta hupenyeza mafuta ndani ya risasi na kuua dawa ya kuwashia.
5. Pitisha brashi mtutuni mara 5 au 6, kisha pamba, kisha pamba yenye tone la mafuta.
6. Uso wa mbele wa silinda utakuwa na pete nyeusi. Ziache. Hazidhuru, na anayezikwangua kwa msasa au stili wulu anaondoa ngozi inayolinda aluminiamu.
7. Tone moja la mafuta kwenye mhimili wa silinda, tone moja kwenye kijiti cha kutolea maganda, basi. Mafuta mengi ndani ya mashine yakichanganyika na vumbi la mfukoni au unyoya wa mkonge, kama wanavyojua wenye mashamba ya Muheza na Korogwe, yanakuwa tope.

Kujua kama matundu ni safi kunahitaji risasi halisi, kwa hiyo fanya hivi mwishoni, mtutu ukielekea salama, silinda ikiwa wazi. Inamisha mdomo wa silinda chini, dondosha risasi moja tunduni. Inapaswa kuzama kwa uzito wake hadi ukingo ugote. Ukilazimika kuisukuma kwa dole, rudi hatua ya 1.

Dawa zenye amonia nyingi, ambazo hutengenezwa kuondoa shaba kwenye mitutu ya bunduki kubwa, hazina kazi hapa. .22 haiachi shaba ya maana ya kuondoa, na amonia inaweza kuchafua rangi ya aluminiamu.

Maganda yasiyotoka na silinda inayonasa

Wakati wa kutoa maganda, elekeza mtutu juu, piga kijiti kwa kiganja mara moja, kwa nguvu. Mtutu ukiwa juu, baruti ya ziada inaanguka chini pamoja na maganda. Mtutu ukiwa umelala, inaingia chini ya nyota. Watu wengi hubonyeza kijiti polepole kwa kidole, nyota inalipita ganda moja, na ganda linabaki limefunikwa na nyota. Likitokea hilo, bonyeza kijiti hadi mwisho, shikilia, na ulisukume ganda kutokea mbele kwa njiti ya mti.

Maganda yakikaza yote, sababu huwa ni masizi. Kuna hali moja ya kuiangalia: bastola iliyokuwa ikitumia risasi fupi za .22 Short. Ganda la Short lina milimita 10.7, la LR lina 15.6. Short huacha pete ya masizi pale ganda lake linapoishia, na LR ikija baadaye inajikaza kwenye pete hiyo. Brashi na muda wa kulowa vinaiondoa. Kwa .22 Magnum, ambayo ganda lake ni milimita 26.8, kwenye bastola za mtutu mfupi kijiti hakina urefu wa kulitoa ganda zima, hivyo kumalizia kwa kidole si kasoro. Usichanganye: LR inaingia kwenye tundu la Magnum ikiwa imelegea, na ganda lake linapasuka.

Silinda ikinasa bila kufunguka, kishuku kijiti cha kutolea maganda kujifungua nyuzi. Kikijifungua kinarefuka, na kinabana mbele. Kwenye Smith & Wesson za sasa nyuzi zake zinakwenda kinyume, kwa hiyo mkono uliozoea kukaza kulia utazidi kukifungua. Kabla ya kukikaza, weka maganda matupu kwenye matundu kadhaa yanayokabiliana ili yaishikilie nyota isijipinde. Kaza kwa vidole vilivyovaa kipande cha ngozi. Koleo litaacha meno.

Pengo kati ya silinda na mtutu ni jambo la kupima kwa fila geji, yaani vibapa vyembamba vya chuma vyenye unene unaojulikana. Kawaida ni kati ya milimita 0.10 na 0.25. Likiwa dogo kuliko hapo, masizi kidogo tu yanaifanya silinda isuguane na mtutu bastola ikishapata moto. Likizidi, madini ya risasi yanaruka pembeni. Yote mawili ni ya fundi.

Kufyatua bila risasi

Kwa bastola ya .22 pini isiyokuta ukingo wa ganda inaweza kufikia mdomo wa tundu. Ndivyo vinundu vinavyozaliwa. Baadhi ya watengenezaji wanaruhusu, wengine wanakataza, kitabu cha bastola yako ndicho kinachosema. Ukitaka kuzoeza kidole, weka risasi bandia za plastiki, au maganda yaliyokwisha kutumika ukiyageuza kila raundi. Ganda lililopigwa pande zote halilindi tena, litupe.

Chumvi

Raskazone au Pangani, ukiiacha bastola karibu na dirisha linalotazama bahari, chumvi inaifikia hata kama hujawahi kuitoa nje. Jasho la kiunoni ni baya zaidi. Fremu ya aluminiamu haipati kutu nyekundu, na hilo linawadanganya watu. Kinachotokea ni pale skrubu ya chuma inapokutana na aluminiamu: chumvi na unyevu vikiingia katikati, aluminiamu ndiyo inayoliwa. Dalili ni unga mweupe kuzunguka kichwa cha skrubu, mwembamba kama poda ya mtoto. Ukiuona, futa kwa kitambaa chenye mafuta, na usubiri fundi aifungue. Nyuzi za aluminiamu zikishaliwa hazivumilii bisibisi ya kulazimisha. Hata zikiwa nzima, skrubu za fremu hizi zikazwe kwa mkono hadi zigote, basi.

Wakati wa masika, na siku zote za kubeba mwilini, futa nje kila jioni kwa kitambaa chenye mafuta kidogo. Siku usizoibeba, mara moja kwa wiki. Ala ya ngozi ni ya kubebea. Usiihifadhi bastola ndani yake, ngozi inashika unyevu na dawa za kuitengenezea zinashambulia chuma. Mfuko wa nailoni uliofungwa nao unafungia unyevu ndani. Iweke kwenye sefu iliyofungiwa ukutani, pamoja na vifuko vya silika vya kunyonya unyevu, na uvikaushe kwenye oveni ya nyuzi 120 kwa saa mbili au tatu vinapobadilika rangi. Ukitoka ofisi yenye kiyoyozi kwenda nje saa saba mchana, chuma baridi kinavuta umande; ukifika nyumbani futa hata kama siku hiyo hukuigusa.

Risasi zinazobebwa zinazeeka haraka kuliko zilizo kwenye boksi. Ganda la .22 halijazibwa vizuri pale linapokishika kichwa, na jasho na mafuta vinapenya. Kila miezi mitatu, zipeleke uwanja wa shabaha uzitumie, ujaze nyingine. Zilizogoma mara mbili zipeleke kituo cha polisi au kwa muuzaji mwenye leseni. Hazitupwi kwenye pipa, hazichomwi.

Kumpelekea fundi

Kufungua bamba la ubavuni, kubadilisha springi au pini, kurekebisha ufungaji wa silinda na kuondoa vinundu mdomoni mwa matundu ni kazi za fundi mwenye leseni chini ya Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya 2015. Bamba la ubavuni kwenye fremu ya aluminiamu likibanduliwa kwa bisibisi linapinda, na halirudi tena kukaa sawa.

Nenda na kibali chako, bastola ikiwa tupu, na maganda matupu yaliyokwisha kulia yaliyoandikwa namba za matundu. Risasi nzima zilizogoma usizipeleke kwenye karakana bila kumuuliza kwanza; picha ya karibu ya alama zake inatosha. Mwombe apime pengo la mtutu, uchezaji wa silinda, na mchomozo wa pini. Akikwambia ataweka springi laini ili traiga ishuke, mkatalie. Springi mpya iwe ya nguvu ileile ya kiwandani, na aliyoitoa akurudishie.

Ukiipokea, usiibebe kabla ya kuijaribu kwenye uwanja ulioruhusiwa: risasi 40 za aina unayobeba, tano kwa kila tundu, zote kwa kuvuta traiga bila kupandisha nyundo, bila kusafisha katikati. Ikigoma hata mara moja kwa alama hafifu, irudishe kwa fundi pamoja na namba ya tundu.